Mwongozo kamili: kuandika riwaya nyepesi ya mtu aliyeachwa akapenda tena

Wiki tatu kabla ya harusi, sare zimeshashonwa. Kitenge cha zambarau, sare 40, kila mwanakamati na fundi wake. Kisha bwana harusi anatuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili na nusu: hayuko tayari, asamehewe. Harusi inakufa, sare hazifi. Miezi miwili baadaye binti yuko ndani ya mwendokasi anatoka Kariakoo, anainua macho, na kumbe wanawake watatu kwenye basi wamevaa harusi yake.

Hiyo ndiyo riwaya nitakayoijenga nawe hapa, kipande kwa kipande, kwa sababu ushauri mtupu wa uandishi haushiki kichwani. Binti tumwite Zawadi, miaka 31, fundi cherehani wa Sinza. Aliyemwacha ni Frank. Atakayekuja baadaye ni Mwalimu Baraka. Wewe badilisha majina, mji na kazi, lakini kanuni moja ibaki: kicheko kitoke palepale panapouma. Waandishi wengi wa simulizi za mapenzi hugawa mambo mafungu mawili. Mhusika analia sura kumi, halafu anaingia rafiki mchekeshaji kumchangamsha msomaji. Huo ni msiba wenye matangazo ya biashara. Sare za zambarau zinauma na kuchekesha kwa mpigo, na hicho ndicho unachokitafuta tangu ukurasa wa kwanza.

Hatua ya kwanza: lipe jeraha umbo

“Alivunjwa moyo” ni sentensi isiyo na kitu ndani. Jiulize alivunjwaje, na nani aliona.

Ukichagua talaka, una hazina usiyoijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hapa Tanzania inataka wanandoa wapite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kufika mahakamani kuomba talaka. Fikiria benchi la mbao, wazee watatu, na mume anayeeleza kwa sauti ya uchungu habari za mchuzi. Sura nzima hiyo.

Ukichagua mjane, nenda taratibu. Kama ni Mwislamu, kuna eda ya miezi minne na siku kumi, na msomaji wako anahesabu pamoja nawe. Ukimwingiza mwanamume mpya siku ya 100 utaletewa maneno. Zaidi ya hapo, mjane aliyependwa vizuri hajaachwa na mtu wa kumchukia. Mwanamume mpya anashindana na picha ukutani, na picha haikoromi wala haisahau kununua gesi. Riwaya nyepesi inawezekana, lakini kicheko chake ni cha sauti ya chini.

Uchumba uliovunjika ndio mwepesi kuliko yote kwa anayeanza, maana mhusika hajapoteza ndoa, amepoteza mpango mbele za watu. Hapa pia sheria ileile inakupa zawadi: inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia ya hasara aliyoipata. Usiandike kesi. Mwandike shangazi aliyeisikia habari hiyo nusu redioni, akaanza kumsukuma binti kila asubuhi: “Utalipwa mpaka na usafiri.”

Kisha pima kilichopotea. Mtu akiachwa hupoteza vitu vitatu: mtu mwenyewe, heshima na mipango. Katika riwaya nyepesi, mtu awe ndiye hasara ndogo. Ukifika sura ya nne msomaji aanze kuona, kabla hata ya Zawadi, kwamba Frank hakuwa hasara kubwa kihivyo. Kinachomtesa ni aibu na hesabu. Aibu ikishapoa huchekesha. Uchungu wa kumpoteza mtu mwema haupoi hivyo, na ukiuchekea msomaji anafunga kitabu. Kipigo na ubakaji viache kabisa nje ya aina hii. Vina riwaya zao, na zinastahili mwandishi aliyekaa navyo kwa muda mrefu.

Hatua ya pili: mpe kazi ya miguu

Hapa ndipo riwaya nyingi zinapofia. Mhusika ameachwa, yuko chumbani, anawaza. Anatoka, anakutana na mwanamume supamaketi, wanagongana, vitu vinadondoka. Nimeisoma supamaketi hiyo mara nyingi kiasi kwamba najua rafu zake.

Aliyeachwa anahitaji shughuli yenye mwanzo, hesabu na mwisho, inayomlazimisha kutoka ndani hata siku ambayo hataki kunawa uso. Na shughuli hiyo itoke kwenye lile jeraha lenyewe.

Kwa Zawadi, baba yake amesema neno moja: “Jina langu halitabaki kwenye daftari za watu.” Michango irudishwe. Wachangiaji ni 64, jumla shilingi 7,460,000. Lakini malipo ya awali yalishatoka, na wenye huduma wamegoma kuyarudisha: ukumbi 2,000,000, mpambaji 860,000, mpiga picha 400,000, MC 300,000. Zimebaki 3,900,000. Pengo la 3,560,000 Zawadi atalishona kwa cherehani, gauni baada ya gauni. Na kwa kuwa kamati haimwamini mtu kushika pesa peke yake, kila marejesho lazima yafanyike mbele ya mhazini, naye asaini.

Mhazini ni Mwalimu Baraka, wa hisabati, aliyechaguliwa kwa sababu siku ya kikao hakuwepo. Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua viongozi hupatikana hivyo.

Tazama tulichopata. Watu wawili wasiochaguana wamefungwa pamoja kwa majina 64 yaliyotawanyika Dar es Salaam nzima. Hakuna haja ya kugongana supamaketi. Ramani ya mji imekuwa ramani ya hadithi: Mbagala, Tabata, Kimara, Gongo la Mboto, na Kigamboni kwa pantoni.

Usiwaandike wote 64. Chagua kumi na wawili au kumi na watano, wengine wapite kwa mstari mmoja. Na kila ziara ibadilishe kitu kati ya hawa wawili. Isipobadilisha, ifute hata kama inachekesha. Mbagala kuna mama anayeapa alitoa laki moja, daftari linasema 30,000. Baraka, ambaye haongei, anageuka simba kwa ajili ya shilingi 70,000 za mtu mwingine, na Zawadi anashangaa. Kimara kuna mama anayepokea pesa kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anamwita kijana wake kutoka chumbani aje “amsalimie dada”. Baraka anakunywa soda yake haraka kuliko kawaida. Tabata kuna mstaafu anayekataa pesa, anataka tu wakae kidogo awasimulie alivyoachwa yeye mwaka 1978 kwenye stesheni ya treni. Sura hiyo isiwe na mzaha hata mmoja. Msomaji akishacheka sura tatu mfululizo anahitaji mahali pa kukaa.

Halafu Kigamboni. Kuna Mama Kigamboni ambaye kila wakienda hayupo. Wanavuka maji mara tano. Mwishoni kabisa tutajua alikuwa dirishani siku zote, anawaona wanavyokuja wamebishana na kuondoka wamenyamaza, akaona heri ajifiche waendelee kuvuka.

Hatua ya tatu: tafuta kinga yake

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii ndiyo injini yako. Mtu aliyeachwa hujitungia sheria za kujilinda, na sheria hizo huwa za kijinga kwa namna inayofanana kabisa na alivyoumizwa. Aliyedanganywa kwa simu anakuwa askari wa simu. Aliyeachwa kwa sababu ya mwingine mrembo anaanza mazoezi ya alfajiri na kuteguka kifundo cha mguu siku ya pili.

Zawadi aliumizwa kwa hesabu, kwa hiyo kinga yake ni hesabu: hadaiwi na mtu tena, kitu chochote, milele. Baraka akimnunulia maji, anataka kulipa. Akimlipia nauli, anamrudishia hapohapo mbele ya konda. Baraka, ambaye ni mwalimu na anaheshimu utaratibu, anafungua ukurasa wa nyuma wa daftari na kuanza kuandika: maji chupa moja, mihogo ya Coco Beach sahani moja, nauli. Mwanzoni ukurasa ule ni mzaha, sura ya ishirini ni mazoea, na itafika siku Zawadi ataugundua peke yake akiwa amekasirika, akaona tarehe zote za maisha yake ya miezi minne zimeandikwa kwa mwandiko wa mtu mwingine. Ukiwa na kitu kimoja kinachokua hivyo, huhitaji kumwambia msomaji kwamba wanapendana.

Kinga inapaswa kuvunjwa na mhusika mwenyewe, si kubomolewa na mwanamume. Weka tukio dogo, karibu theluthi mbili ya kitabu, ambapo anakubali kudaiwa. Chupa ya maji inatosha.

Hatua ya nne: mwanamume mpya asiwe duka la dawa

Niseme wazi, nimechoka na tajiri. Yule anayeshuka kwenye Prado, ananukia, ana ghorofa Mbezi Beach, anamwona binti analia kituoni na kumpa kitambaa. Anamaliza matatizo yote ifikapo sura ya sita, baada ya hapo mwandishi hana la kufanya ila kumletea ajali.

Mtu mpya akute jeraha limeanza kufunga, na asiwe yeye mfungaji. Afanye mambo mawili tu: aonekane, na awe na kasoro inayogusa jeraha lilelile. Ya kwanza ni rahisi. Anaonekana kwa anavyokunja risiti, anavyosalimia mlinzi, anavyofuta ubao kichwani mwake kila anapokosea neno. Ya pili ndiyo kitabu. Baraka alijua. Wiki moja kabla ya ule ujumbe wa sauti, Frank alimwambia ana mashaka, na yeye akanyamaza, akitumaini rafiki yake atarudiwa na akili. Hakudanganya mtu. Alinyamaza tu, kama anavyonyamaza siku zote, na ile tabia iliyomfanya apendeke ndiyo itakayomchongea. Siri ya aina hii inatosha. Usiongeze mtoto wa nje.

Hatua ya tano: tumia namna wanavyoitana

Kiswahili kina kipimajoto cha mapenzi ambacho waandishi wengi hawakitumii. Ni majina ya kuitana.

“Dada Zawadi” ni mlango uliofungwa kwa adabu. Mwanamume anayekuita dada amejiwekea uzio mwenyewe, na siku akiliacha hilo neno kila aliyepo pale atasikia. Baraka amwite “dada Zawadi” sura kumi na tano za kwanza. Halafu siku moja, akiwa na haraka, aseme “Zawadi, shika daftari,” na ajishtukie. Yeye Zawadi anamwita “Mwalimu.” Mara ya kwanza kulitamka jina lake tupu, “Baraka,” iwe ni katikati ya ugomvi, maana hasira hutangulia mapenzi kuvua vyeo. Baada ya hapo hawezi tena kurudi kwenye “Mwalimu” bila neno hilo kuwa na ladha ya utani.

Jihadhari na shikamoo. Kama umempa mwanamume miaka 45 na binti 24, msomaji wa Kitanzania atauliza hawa walisalimianaje siku ya kwanza. Binti akishaamkia, umepata mjomba, hukupata mpenzi. Unaweza kuligeuza kuwa kichekesho: Zawadi, kwa haya ya siku ile, anamwamkia Baraka ambaye kampita miaka mitano tu, naye kwa kupigwa butwaa anajibu “marahaba.” Itawachukua miezi kuisahau, na wanakamati hawatawaruhusu waisahau.

Na ukiandika Mombasa au Nairobi, sikiliza upya. Wanavyoitana vijana wa Kenya si kama wa Sinza, na msomaji wa kule atajua mara moja kwamba umemvika mhusika mdomo wa kuazima.

Hatua ya sita: andika mahaba bila kuyataja

Hii ni aina ya aya ninayoletewa mara kwa mara:

Zawadi alimtazama Baraka. Moyo wake ulidunda kwa kasi. Alihisi vipepeo tumboni. “Huyu ndiye mwanamume wa ndoto zangu,” alijisemea.

Vipepeo hao ni wageni. Hawajawahi kuishi Tandale. Mswahili akipenda hukosa usingizi, hukosa hamu ya kula, hupiga pasi nguo iliyokwisha kupigwa pasi. Na hata dalili hizo zikiorodheshwa hazina kazi. Zinahitaji mahali na kitu cha kushika mkononi. Linganisha na hii:

Pantoni ilikuwa imejaa hadi pikipiki zinapumuliana. Baraka alisimama upande wa jua.

“Mwalimu, sogea huku kivulini.”

“Nimezoea.”

“Umezoea jua?”

“Nimezoea kusimama upande huu.”

Zawadi alinyamaza. Ilikuwa safari yao ya tano kwenda Kigamboni, na leo ndipo alipogundua kuwa kivuli alichokuwa akijikinga nacho safari zote hizo hakikuwa cha paa.

“Basi andika kwenye daftari,” alisema. “Kivuli, mara tano.”

“Hicho sitozi.”

“Andika.”

Hakuna aliyesema anapenda. Kinga ya Zawadi ipo palepale, bado anataka kulipa, lakini sasa imekuwa namna ya kubembeleza. Ukipata mandhari tatu za namna hii katika kitabu kizima, umeandika riwaya ya mapenzi. Ukipata kumi, punguza.

Mazungumzo yawe mafupi kuliko unavyodhani. Watu wanaopendana kwa siri huongea habari za vitu vingine: bei ya vitunguu, foleni, mwanafunzi aliyeandika jibu la ajabu kwenye mtihani. Soma kwa sauti. Ukisikia mhusika anamweleza mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua, futa.

Watu wa pembeni

Wasizidi wanne. Shangazi wa redio, rafiki wa kibanda cha jirani, mwenyekiti wa kamati, na Frank.

Shangazi mpe kanga. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina ndilo humsemea mwenye nayo akiwa amefunga mdomo. Wiki ya kwanza anaingia amejifunga “Japo sipati tamaa sikati.” Hasemi neno. Anapika, anageuka ili mgongo usomeke, anaondoka.

Kundi la WhatsApp nalo ni mhusika. Harusi imekufa lakini hakuna aliyelifunga kundi. Watu 64 bado wamo: mmoja anauza mayai ya kienyeji, mwingine anatuma dua kila Ijumaa, mwingine hajapata habari na anauliza sare inachukuliwa wapi. Mwenyekiti kila mwezi anaandika “Wapendwa, kamati haijavunjwa rasmi.” Litumie kufungulia sura. Usilitumie kila sura.

Katikati panapolegea

Ukifika maneno elfu ishirini na tano utachoka, na hapo ndipo shetani wa simulizi hukuletea mapendekezo: mchawi, pacha aliyepotea, saratani, mimba. Kataa vyote. Katikati ya riwaya nyepesi hulegea kwa sababu moja tu, wahusika wameacha kutaka kitu. Rudi kwenye hesabu. Zimebaki shilingi ngapi? Nani hajalipwa? Nani kaanza kusema pesa zinaliwa na mhazini?

Hapo sasa mrudishe Frank. Asirudi na magoti na maua. Hayo msomaji ameshayaona. Arudi na shilingi 3,560,000 taslimu. Analipa pengo lote, anaomba radhi kwa wazazi, na baba anafurahi. Kishawishi cha kweli ni kile ambacho mtu mwenye akili angekifikiria. Zawadi anaweza kulala usiku mmoja akiwa huru na deni, akiwa na mchumba, na sare zipo tayari. Akimkataa Frank siku hiyohiyo kwa hotuba, umemdharau. Mpe siku tatu. Siku ya pili Frank, kwa wema kabisa, ataje kwamba Baraka alijua tangu mwanzo.

Sasa una fundi cherehani amekasirika na wanaume wawili kwa makosa mawili tofauti, na daftari lipo mezani kwake. Hapo ndipo anapofungua ukurasa wa nyuma.

Usimfanye Frank shetani. Mwoga anachekesha na anasameheka. Shetani anamfanya mhusika wako aonekane mjinga kwa kuwahi kumpenda.

Faragha

Nitakuwa mfupi hapa. Wasomaji wako wengi wanasoma kwenye simu ambayo mtoto anaitumia kutazama katuni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni Tanzania, za mwaka 2018 kisha 2020, zinakataza maudhui ya ngono. Lakini hata bila kanuni, riwaya nyepesi hupata nguvu kwenye kizuizi. Mkono unaogusana wakati wa kupokezana daftari, baada ya sura ishirini za kutogusana, utamfanya msomaji aweke simu chini apumue. Funga mlango mapema, msomaji ana akili.

Mwisho wa hadithi

Si lazima uwe harusi. Kwa kweli mhusika aliyenusurika harusi moja wiki tatu kabla, ukimpeleka kwenye nyingine ndani ya miezi minne, msomaji mwenye binti atakuwa na wasiwasi.

Mwisho mzuri unaifunga ile kazi ya miguu. Majina 63 yamewekewa alama. Pesa za Frank zilirudi kwake, kwa risiti. Mama Kigamboni ameonekana, kapokea chake, kakiri kosa la dirishani. Limebaki jina la 64, nalo ni la Baraka mwenyewe, shilingi 50,000, alizotoa kama mchangiaji yeyote. Zawadi anamhesabia noti tano za elfu kumi kumi, mezani, mbele ya chai. Anamsogezea daftari asaini.

Baraka anazitazama, anazirudisha upande wa pili wa meza. “Yangu iache humohumo,” anasema. “Kamati haijavunjwa rasmi.”

Acha hapo. Usiandike alivyojibu. Nilijaribu majibu manne na yote yalikuwa mabaya kuliko ukimya.

Kazi ya mezani

Riwaya ya aina hii inatosha maneno elfu 45 hadi elfu 55. Ukiandika sehemu za maneno 1,300, ni sehemu 40 hivi, ambayo kwa sehemu tano kwa wiki ni miezi miwili. Usianze kurusha sehemu ya kwanza mtandaoni kabla hujamaliza angalau sehemu 25, maana wasomaji wa simulizi wakishapata arosto, ile kiu ya sehemu inayofuata, hawana huruma. Mimi niliwahi kuanza na sehemu sita mkononi. Umeme ukakatika, mtoto akaugua, na watu nisiowajua wakaanza kunipigia saa nne usiku kuuliza binti yule alifungua mlango au hakufungua.

Kila sehemu ikatike mahali pa udadisi mdogo, si mlio wa bastola. “Simu iliita. Ilikuwa namba ya Kigamboni” inatosha kumfanya mtu alipie inayofuata.

Kuibiwa kupo. Kuna mtu alichukua simulizi yangu, akabadilisha Sinza kuwa Mikocheni na kuweka jina lake. Hifadhi rasimu zako zenye tarehe, na kazi ikikamilika isajili COSOTA, wanaoshughulikia hakimiliki, au COSOZA kama uko Zanzibar. Ukitaka kuichapa, ISBN kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Mhariri mlipe. Dada yako anayejua Kiswahili vizuri si mhariri, ni dada yako, na atakuonea haya kwenye kurasa zinazohitaji kuchanwa.

Ila dada ana kazi nyingine. Kabla ya mhariri, wape rasimu watu watatu, na mmoja wao awe ameachwa siku za karibuni. Usimuulize kama ameipenda. Muulize alikuwa anakula nini alipokuwa anaisoma, na aliiacha ukurasa gani kwenda kulala. Mdogo wangu, uchumba wake ukiwa haujamaliza mwezi tangu uvunjike, aliirudisha rasimu ya kwanza ya Zawadi bila neno la sifa. Kwenye ile sura ya basi na sare tatu za zambarau, ambapo nilimlaza binti kitandani akilia hadi asubuhi, alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Hapa angekula.” Nikafuta kilio nusu ukurasa, nikamshusha Zawadi kituo kimoja kabla ya kwake, nikamwagizia chipsi mayai.